Vijiwe Vyangu na Cheo cha Mkufunzi Mkuu

Jumatatu, tarehe 3 Machi

Nimekuta chupa mezani kwangu. Dawa ya kusukutulia mdomo. Ya kijani, mpya, haijafunguliwa. Haina barua wala jina. Imewekwa katikati kabisa ya meza, juu ya daftari langu la wanafunzi, ili kila anayeingia ofisini aione.

Najua nani kaiweka. Kitambaa! Huyu mwalimu mwenzangu wa udereva. Ana miaka mitatu tu hapa shuleni, na kila nikimsogelea anatoa leso na kujifunika mdomo. Ndiyo maana nikampa jina hilo. Najua pia kwa nini kaiweka leo. Asubuhi Mama Mkurugenzi, mwenye shule, ametangaza kwamba Ijumaa ya wiki ijayo atachagua Mkufunzi Mkuu. Tuko wawili tu. Kila mmoja atafundisha somo moja, yeye atakaa kiti cha nyuma na kutazama.

Miaka kumi na moja nimekaa upande wa abiria, mguu juu ya breki ya mwalimu, nikiokoa roho za watu. Cheo ni changu, hakuna mjadala. Baba mkwe nimeshamwambia kwamba nimepewa. Shati nimeshalipeleka kwa fundi, limedariziwa kifuani kwa uzi mwekundu: MKUFUNZI MKUU. Halafu mtu ananiletea chupa!

Nimeitupa kwenye pipa la takataka. Baadaye nimeiokota, maana ni ushahidi.

Jumanne, tarehe 4 Machi

Mvua kubwa. Mwanafunzi wangu wa saa tatu ni mama mmoja, mwalimu mkuu mstaafu wa shule ya msingi. Ana miaka sitini na minane, anajifunza gari kwa sababu amechoka kuwasubiri wanawe wampeleke anakotaka. Yeye ananiita Mwalimu, nami namwita Mwalimu. Leo, na mvua yote ile, kashusha kioo mpaka chini. Maji yanamchuruzika begani. Nikamwambia apandishe kioo. Akajibu kwa adabu zake zote kwamba ni afadhali alowe. Nikamuuliza, afadhali kuliko nini? Akaendelea kutazama barabara.

Damu ikanichemka. Wiki iliyopita mwanafunzi mwingine aliendesha kilomita nzima kichwa kikiwa nje. Si bure. Wamepangwa hawa, na aliyewapanga namjua.

Dawa yao ninayo. Mchana nimechukua bisibisi nikang'oa mikono yote ya kuzungushia vioo, nikaifungia kwenye droo. Tuone sasa! Mwanafunzi wa saa tisa, fundi bomba, amepapasa mlango kwa dakika tano akitafuta mkono wa kioo. Tulipofika kwenye taa nyekundu akafungua mlango wenyewe. Taa ilipowaka kijani mguu wake mmoja bado ulikuwa nje.

Jumatano, tarehe 5 Machi

Siku mbaya. Sijui hata niandike vipi.

Tulikuwa tunakula. Nikakohoa. Kitu kikachomoka kooni, kikatua mezani karibu na sahani ya mke wangu. Cheupe chenye umanjano, ukubwa wa punje ya mchele. Nikafoka: nani kapika wali? Mke wangu akaniambia taratibu kwamba wali haujapikwa humu ndani tangu mwaka jana, nilipoupiga marufuku mwenyewe kwa sababu punje zake zinaninasa kooni. Kweli. Nilikuwa nimesahau. Sasa kama si wali, ni nini?

Akasema, "Baba watoto, nenda hospitali. Nimekuambia mpaka nimechoka."

Nikamwambia naona na yeye kajiunga na kambi ya Kitambaa. Nikaacha chakula, nikaenda kukaa kwenye gari. Nikapanua mdomo mbele ya kioo cha kutazamia nyuma, nikamulika kwa simu. Lahaula! Kule ndani, pembeni ya kimio, kwenye zile nyama mbili za koo, kuna vitu vyeupe vimejipachika. Kimoja kushoto, viwili kulia. Vimekaa kwa raha zao, kama wapangaji.

Nikarudi mezani. Kile kilichoruka bado kipo. Nikakiponda kwa vidole. Nikakinusa.

Mungu wangu.

Miaka minne nimelaumu mfereji ulio nyuma ya ofisi. Nimelaumu paka wa jirani. Nimelaumu viti vya gari mpaka nikavibadilisha vitambaa kwa mikono yangu. Nimemlaumu Kitambaa, na leso yake nikasema haijafuliwa. Kumbe harufu ni yangu! Hili naliandika hapa tu na litaishia hapa. Na simwombi mtu msamaha. Koo langu ndilo lililonikosea.

Alhamisi, tarehe 6 Machi

Nimekwenda hospitali nikiwa nimevaa kofia, mtu asinijue. Daktari ni binti mdogo, angeweza kuwa mwanafunzi wangu. Kanipanua mdomo, kanimulika, halafu akarudisha kiti chake nyuma hatua moja. Nimeliona hilo. Hatua moja nzima.

Akasema ni vijiwe vya tonsili. Zile nyama za koo huitwa tonsili, na zina vishimo. Mabaki ya chakula, ngozi iliyokufa na vijidudu hukusanyika humo, vinagandamana, vinakuwa vijiwe, vinanuka. Watu wengi wanavyo na si kwa sababu ya uchafu. Nikamuuliza mbona mimi napiga mswaki kutwa mara tatu. Akasema mswaki haufiki kule. Nisukutue koo kwa maji ya uvuguvugu yenye chumvi kila baada ya kula, ninywe maji mengi, nisugue ulimi pia. Nisijichokonoe na kitu chochote kigumu, nitajijeruhi. Na kwa kuwa tatizo langu ni la miaka minne, kaniandikia nikamwone daktari bingwa wa koo. Ikibidi, tonsili zenyewe zitaondolewa. Tarehe 18, saa nne asubuhi.

Tarehe 18! Usaili wangu ni tarehe 14! Nikamwambia vitoke leo. Akaniambia, "Baba, haya ni mambo ya subira." Baba! Nimemzidi miaka ishirini tu.

Nikaondoka bila kuaga. Subira ninayo, lakini si ya kupoteza kwenye koo.

Ijumaa, tarehe 7 Machi

Nimejichokonoa.

Kwanza mpini wa kijiko. Nikatapika. Kisha kibanio cha nywele cha mke wangu. Nikatoka damu, nikatapika. Kisha kijiti cha pamba cha masikioni, ambacho kilifika vizuri tu, nikafurahi, ndipo nikapiga chafya. Yote haya nimeyafanya nyuma ya usukani, nimeegesha kwenye kivuli cha ukuta wa shule. Kioo kile cha nyuma ndicho pekee kinachogeuka ninavyotaka.

Nilipoinua macho, Kitambaa alikuwa amesimama dirishani ananitazama. Akauliza kama niko salama. Nikamwambia nakagua kioo. Akasema, kwa kijiti cha masikio? Nikamwambia ndiyo, huo ni ukaguzi wa kina. Mikono ya vioo ilikuwa bado imefungiwa kwenye droo, kwa hiyo mazungumzo yote tuliyafanya kwa kupiga kelele, na wanafunzi waliokuwa uani walisikia kila neno.

Jumamosi, tarehe 8 Machi

Leo akili imefanya kazi! Maji! Kinachotakiwa ni maji yenye nguvu, na gari langu linayo. Kuna kile kimpira kinachorusha maji kuosha kioo cha mbele. Ukikichomoa chini ya boneti unapata bomba jembamba, linaingia mdomoni barabara.

Nimeosha tangi la maji ya kioo, nikajaza maji ya uvuguvugu na chumvi. Mwanafunzi alikuwa yuleyule Mwalimu mstaafu. Nikamweleza kwamba leo tunajifunza swichi za usukani, kwa vitendo. Yeye akae ndani. Mimi nitasimama mbele, boneti wazi. Nikiinua mkono avute swichi ya maji, nikiushusha aache. Hakuuliza hata swali moja. Miaka arobaini darasani, ameona mengi.

Nikapanua mdomo, nikalenga upande wa kulia, nikainua mkono. Mwalimu akavuta! Sikukumbuka kwamba ndani ya kimpira kulikuwa na sabuni ya zamani. Povu! Povu puani, povu kwenye shati! Nikashusha mkono, akaacha papo hapo. Nikainua tena. Mara ya tatu maji yakaja safi, waipa zikikwaruza kioo kikavu kwaa, kwaa, na mimi nikahisi kitu kimechomoka. Viwili! Vya kulia vyote viwili viko chini! Nilirukaruka pale uani. Yule mama akatoa kichwa mlangoni akauliza kama amefaulu. Nikamwambia amefaulu sana.

Nimejifunza jambo kubwa. Mwalimu anatii ishara kuliko anavyotii maneno. Nimeliweka akilini.

Koo linawasha moto. Nimesukutua kwa chumvi mara nne.

Jumatatu, tarehe 10 Machi

Nimesukutua Jumapili kutwa, na leo. Maji nimekunywa mpaka tumbo linacheza. Asubuhi nimejimulika: hakuna kitu! Kushoto safi, kulia safi. Mke wangu amekaa karibu yangu wakati wa chai, wala hakugeuza uso. Kaniegemea bega. Sikumbuki mara ya mwisho ilikuwa lini, na nusura nilie, lakini nilikuwa nachelewa kazini.

Halafu Kitambaa akaniharibia siku. Kaja mezani kwangu, kaketi bila kukaribishwa. Akaniambia, "Kaka, mimi pia ninavyo." Vijiwe! Anavyo tangu ujana wake. Eti ile leso anajifunika mdomo wake mwenyewe, kwa kuogopa kunikera mimi. Akasema aliniona Ijumaa na kijiti, akajua. Akanishauri nisukutue kwa maji ya chumvi, ninywe maji mengi, na kama nina miadi kwa bingwa nisiikose. Yeye ndivyo alivyofanya na sasa vinamtokea kwa nadra.

Nimefikiri sana. Zimebaki siku nne kabla ya usaili. Mshindani wangu anakuja kwa hiari yake kunipa dawa. Kuna mtu duniani mwenye moyo huo? Hakuna! Chumvi ina hila ndani yake. Labda inakausha sauti siku ya tano.

Nimeacha chumvi. Maji pia nimepunguza, kwa tahadhari.

Jumatano, tarehe 12 Machi

Vimerudi. Vitatu kushoto, kimoja kulia, kikubwa kuliko ndugu zake wote. Hila za Kitambaa hizi, sijui kazifanyaje. Tangi la maji ya kioo nalo haliwezi kusaidia, maana Mama Mkurugenzi ameuliza kwa nini gari langu linanuka chumvi na kwa nini waipa yangu imechanika.

Mke wangu amelala ameelekea ukutani. Kaniuliza kama nimeacha kusukutua. Nikamwambia ni mambo ya kikazi.

Basi. Kama mdomo ndio tatizo, mdomo hautafunguliwa. Nimekata boksi la viatu, nimetengeneza kadi kumi na mbili. KULIA. KUSHOTO. PUNGUZA MWENDO. ONGEZA GIA. SIMAMA. VIZURI SANA. Mama Mkurugenzi atakaa nyuma, madirisha yamefungwa, hatanusa chochote. Atashangaa utulivu. Ataona mbinu mpya ya ufundishaji!

Alhamisi, tarehe 13 Machi

Mazoezi na Mwalimu mstaafu, uani. Kasoro moja ndogo. Barabara anaiona vizuri bila miwani, lakini kusoma kadi lazima avae miwani ya kusomea. Akishaivaa, barabara haioni. Kwa hiyo kila nikiinua kadi anapapasa miwani kifuani, anaivaa, anasoma kwa sauti, anaivua, ndipo anatii. Sekunde tisa. Nimepima.

Nikamwambia aongeze bidii. Akaniuliza kwa nini nisiseme tu. Nikamwinulia kadi ya VIZURI SANA.

Ijumaa, tarehe 14 Machi

Nimevaa lile shati. Juu yake sweta, nilivue nikishatangazwa.

Kitambaa alitangulia. Somo lake nililitazama dirishani: anaongea, anacheka, vioo viko chini. Hovyo kabisa. Saa nne ikawa zamu yangu. Mama Mkurugenzi nyuma, na daftari lake. Mwalimu mstaafu kwenye usukani, miwani kifuani. Mimi na kadi zangu. Joto, maana vioo havishuki. Nikainua WASHA GARI. Nikasikia daftari la nyuma likifunguliwa.

Tukazunguka mtaa mzima. Sikutoa neno hata moja! KULIA, akasoma, akakunja kulia. PUNGUZA MWENDO, akasoma, akasifu mwandiko wangu. Mara mbili Mama Mkurugenzi aliniuliza swali, mara mbili nikamjibu kwa kadi ya VIZURI SANA. Tukarudi kuelekea lango la shule. Pale kwenye kona ya mwisho Mwalimu alikunja ghafla, kadi zote zikaniponyoka, zikatawanyika sakafuni.

Naandika kwa uchungu. Kadi ya SIMAMA iliingia chini ya breki yangu. Breki ya mwalimu, ambayo miaka kumi na moja mguu wangu haujaiacha! Nikavuta miguu, nikainama chini ya dashibodi kuitafuta. Mwalimu mstaafu alikuwa bado na miwani ya kusomea usoni, anangoja kadi. Nikaipata! Nikainuka, nikaiweka mbele ya pua yake. Akasoma, "Simama." Wakati huo tulikuwa tumeshasimama. Bango la shule lilikuwa limelala juu ya boneti. Lile lenye picha ya gari na maneno kwamba hapa usalama ni kwanza.

Ndipo nikafungua mdomo nikapiga kelele, "Simama!"

Hakuna aliyeumia. Mwalimu mstaafu akavua miwani, akatazama bango, akasema anadhani lilisimikwa karibu mno na barabara. Mama Mkurugenzi alishuka, akaja mpaka mlangoni kwangu, akaufungua. Hakurudi nyuma hata kidogo.

"Ile chupa niliweka mimi," alisema. "Nilitaka ujiandae, ukikaa na wageni wa shule usiaibike. Cheo kilikuwa chako tangu Jumatatu ile. Harufu yako tumeishi nayo miaka minne, tumeizoea. Leo nilihitaji useme neno moja tu, na hukusema."

Sweta sikulivua.

Jumatatu, tarehe 17 Machi

Kitambaa ndiye Mkufunzi Mkuu. Amri yake ya kwanza: kesho nipewe ruhusa niende kwa daktari bingwa, wanafunzi wangu atawafundisha yeye. Kaniambia mbele ya watu, anatabasamu. Unafiki wa kiwango cha juu! Amri ya pili ni kurudisha mikono ya vioo.

Nyumbani nimekuta mke wangu na lile shati mapajani, anafumua uzi kwa sindano. Katoa neno MKUU, kaacha MKUFUNZI. Amesema hivi lingali shati zuri la kazi. Nikasema baba yake atauliza. Akajibu kwamba baba yake ameshaambiwa ukweli na hakushangaa. Kisha akasema, "Mimi sikuolewa na cheo. Nataka nikae karibu yako ninywe chai." Nikaingia jikoni, nikachemsha maji, nikatia chumvi. Nikasukutua, mara moja.

Jumanne, tarehe 18 Machi

Nimekwenda. Watu wote wajue kwamba nilikwenda. Saa tatu na nusu niko kwenye benchi, namba kumi na mbili. Ukumbi umejaa. Kushoto kwangu mama mmoja mwenye manukato, kulia mzee mmoja kanisogelea mpaka tunagusana mabega. Na asubuhi nilikuwa nimejimulika: kile kikubwa bado kipo. Nifungue mdomo katikati ya watu wale wote? Ng'o! Heshima yangu iko wapi?

Lakini nilikuwa nimejiandaa. Muuguzi akatoka na makaratasi yake, akaita namba kumi na mbili. Nikainua kadi: NIPO. Hakuinua macho. Akaita mara ya pili. Nikaiinua juu zaidi, kwa mikono miwili. Akaita mara ya tatu. Nikainua nyingine niliyokuwa nayo ya akiba: NIMESEMA NIPO. Mzee wa kulia akaisoma, akanitazama, akasogea. Muuguzi akaita namba kumi na tatu.

Nimemaliza foleni nzima nikiwa nimeinua mikono. Mwishowe nimepewa tarehe nyingine, ya miezi mitatu ijayo. Uzembe mtupu. Hii nchi ya watu wasiosoma!

Wakati wa kurudi nimepita dukani, nimenunua karatasi ngumu, zile kubwa kuliko zote, na kalamu nene ya wino mweusi. Nimefikiri njia nzima na sasa nimejua nilipokosea. Herufi zilikuwa ndogo.